Maus inaruka, hedifoni zinakatakata: namna ya kumaliza ugomvi wa vifaa visivyo na waya kwenye laptopu

Umefungua laptopu asubuhi, umechomeka kile kidude cha USB cha maus (kipokezi), umewasha hedifoni za Bluetooth, na kazi inaanza. Baada ya dakika chache muziki unakatika kama redio iliyo mbali na mnara. Au maus inagoma katikati ya skrini kisha inaruka hadi kona. Au sauti iliyokuwa safi inageuka ghafla na kuwa kama ya simu ya kale, mara tu unapoingia kwenye mkutano. Watu wengi Kisumu na Nakuru wanaofanya kazi za mtandaoni, wale wa kunukuu sauti, wa kupokea simu za wateja na walimu wa masomo ya jioni, hufikia hapo wakaamua kununua hedifoni mpya. Mara nyingi hedifoni mpya huja na tatizo lile lile, kwa sababu ubovu haukuwa kwenye hedifoni.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao fundi mzuri angeufuata: kwanza kujua ugonjwa, kisha kuanza na dawa isiyo na gharama, na mwisho kabisa ndiyo kufungua mashine. Majina ya menyu tumeyaacha yalivyo kwenye Windows, kwa sababu ndivyo utakavyoyaona kwenye skrini.

Kwanza, tofautisha magonjwa mawili

Matatizo haya yanafanana kwa juu lakini chanzo chake ni viwili, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Cha kwanza ni msongamano wa mawimbi. Bluetooth, maus ya kidude cha USB, kibodi isiyo na waya na Wi-Fi ya kawaida vyote vinatumia kipande kimoja cha masafa, kuanzia 2400 hadi 2483.5 MHz, yaani kile kinachoitwa 2.4 GHz. Bluetooth ya sauti inagawa kipande hicho katika chaneli 79 na kuruka kutoka moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde ili kukwepa kelele. Inakwepa vizuri, ila kelele ikijaa kila mahali hakuna pa kukimbilia. Dalili zake: sauti inakatika vipande vipande, maus inaganda na kuruka, herufi ya kibodi inapotea au inajirudia. Ubora wa sauti wenyewe haubadiliki. Inapokuwepo ni safi, kisha inapotea.

Cha pili ni mabadiliko ya hali ya sauti. Hedifoni za Bluetooth zina njia mbili za kuzungumza na laptopu. Moja ni ya kusikiliza tu, sauti ya pande mbili yenye ubora wa muziki. Nyingine ni ya simu, yenye maiki, na hiyo inabana sauti mno: katika mfumo wa zamani sampuli, yaani vipimo vya sauti, ni 8000 kwa sekunde, katika ule bora kidogo ni 16,000, ilhali muziki unatumia 44,100. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni, laptopu inahama kutoka njia ya kwanza hadi ya pili, na sauti inakuwa nyembamba, ya upande mmoja, isiyo na besi. Hapo hakuna kilichoharibika. Ndivyo mfumo ulivyoundwa.

Basi jiulize: sauti inakatika, au inakuwa mbaya? Ikikatika, soma sehemu za kipokezi na Wi-Fi. Ikiwa mbaya bila kukatika, ruka hadi sehemu ya maiki.

Jaribio la kutafuta mkosaji

Usitumie YouTube wala video ya mtandaoni kupima, maana bando dhaifu nalo linakatisha sauti na litakupoteza njia. Weka wimbo ulio ndani ya laptopu yenyewe na uucheze mfululizo, huku ukifanya haya moja baada ya jingine. Kati ya hatua na hatua sikiliza kwa dakika mbili hivi.

1. Zima Bluetooth ya simu yako. Hedifoni nyingi za sasa hushikilia vifaa viwili kwa wakati mmoja, na mlio wa WhatsApp kwenye simu unatosha kunyang'anya sauti kutoka kwenye laptopu kwa sekunde moja au mbili.
2. Chomoa diski ya nje, flashi, kitovu cha USB (hub, kifaa cha kuongeza matundu) na kebo ya kifaa chochote chenye USB 3, ile aina ya USB yenye kasi kuliko USB 2.
3. Zima Wi-Fi ya laptopu kwa muda.
4. Chomoa kipokezi cha maus na utumie kibao cha kugusa.
5. Sogeza hedifoni hadi nusu mita kutoka kwenye laptopu.

Hatua ambayo ikifanywa sauti inatulia ndiyo inayokuonyesha mkosaji. Usifanye zote kwa pamoja. Utapona bila kujua ulichotibu, na kesho tatizo litarudi. Ikiwa hata baada ya hatua zote sauti bado inakatika kwenye umbali wa nusu mita, shuka hadi sehemu ya Bluetooth yenyewe na ile ya antena.

Kipokezi na USB 3: mkosaji anayesahaulika

Hapa ndipo matatizo mengi yanapoishia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kifaa cha USB 3 kinapopitisha data kinatoa kelele ya redio ambayo inatapakaa hadi eneo la 2.4 GHz. Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi kuhusu jambo hili mwaka 2012, na fizikia yake haijabadilika: ishara ya gigabiti 5 kwa sekunde inapita kwenye waya na viungio ambavyo havijazibwa vizuri, na sehemu ya nguvu yake inavuja. Kipokezi cha maus kikikaa sentimita mbili kutoka hapo kinakuwa kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono kando ya posho mill. Maus iliyo juu ya meza inatuma ishara ndogo sana kutoka betri moja ya AA, haiwezi kushindana.

Tundu la USB 3 lisilo na kitu halina hatia. Kelele inaanza pale diski, flashi ya USB 3 au kitovu kinapofanya kazi. Ndiyo maana mtu anasema maus yake huharibika "wakati fulani tu": ni wakati anapohamisha faili.

Kwenye kompyuta ya mezani matundu ya USB 3 kwa kawaida yana plastiki ya buluu ndani, na ya USB 2 ni meusi au meupe. Kwenye laptopu rangi haiaminiki. Tafuta herufi SS kando ya alama ya USB. Laptopu za ofisi zilizotumika Ulaya ambazo zimejaa madukani kwetu, kama HP EliteBook 840 G3 na Lenovo ThinkPad T480, zina matundu mawili tu makubwa na yote ni ya USB 3. Kwenye T480 yote mawili yako upande mmoja. Ukichomeka kipokezi kwenye moja na diski kwenye jingine, umewalaza maadui kitanda kimoja.

Dawa ni kebo ya kurefusha ya USB 2, yenye kichwa cha kiume upande mmoja na cha kike upande wa pili, urefu wa mita moja. Inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta ya Oginga Odinga Street Kisumu au Kenyatta Avenue Nakuru kwa shilingi mia chache. Itumie hivi:

1. Chomeka kebo kwenye laptopu, na kipokezi kwenye ncha ya pili.
2. Weka ncha hiyo juu ya meza, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye maus, upande ule ule wa mkono wako.
3. Hakikisha kipokezi kiko angalau sentimita 30 kutoka kwenye diski, kitovu na mwili wa laptopu.
4. Usiifiche nyuma ya skrini wala chini ya meza ya chuma. Chuma kinazuia mawimbi.

Sisitiza kwa muuzaji kwamba unataka ya USB 2. Kebo ya kurefusha ya USB 3 yenyewe inaweza kuwa chanzo cha kelele ikitumiwa na diski.

Kama huna kebo leo, kuna njia nyingine: ichomeke diski ya nje kupitia kebo au kitovu cha USB 2. Itashuka hadi mwendo wa USB 2, nakala zitachukua muda mrefu zaidi, lakini kelele ile inaisha kwa sababu ishara ya gigabiti 5 haipo tena. Kwa mtu anayehifadhi nakala mara moja kwa siku hiyo ni bei ndogo.

Vitovu vya USB-C vyenye HDMI na msomaji wa kadi ndivyo vibaya zaidi, hasa vile vifupi vinavyong'ang'ania ubavuni mwa laptopu. Kipokezi kisichomekwe kwenye kitovu cha namna hiyo hata kama nafasi ipo. Na kama hedifoni zako ni zile za michezo zinazokuja na kipokezi chao cha USB, basi una vipokezi viwili: tenganisha kimoja kushoto, kingine kulia, au kimoja kwenye kebo ya kurefusha. Vikikaa bega kwa bega vitazibana masikio vyenyewe kwa vyenyewe.

Kabla ya kulaumu mawimbi, pima betri ya maus. Betri ya AA ya alkali ikiwa mpya ina volti 1.5 na zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 1.1 kwenye kipimo cha fundi, ibadilishe. Betri za bei ya chini za kaboni na zinki zinaanza vizuri lakini volti yake inashuka mapema, na maus inaweza kuanza kuganda kabla ya taa ya onyo kuwaka.

Wi-Fi, hotspoti na majirani

Wi-Fi ya 2.4 GHz inakalia upana wa MHz 20, yaani takribani robo ya uwanja wote. Kwenye ploti ya nyumba za kupanga Kondele au Section 58 unaweza kuona majina kumi na tano ya Wi-Fi kwenye simu yako. Bluetooth inabanwa katikati yao.

Kama ruta yako ina 5 GHz, hamia huko. Fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini, mara nyingi 192.168.1.1, na uipe 5 GHz jina lake tofauti ili laptopu isirudi 2.4 bila wewe kujua. Ubaya wake ni kwamba 5 GHz haipenyi kuta za mawe vizuri, kwa hiyo kama ruta iko sebuleni na wewe uko chumba cha mwisho, jaribu kwanza kabla ya kufuta ile nyingine.

Kama ruta ina 2.4 pekee, weka upana wa chaneli kuwa 20 MHz badala ya 40, na uchague chaneli moja kati ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaikalia. Programu za bure za kuchunguza Wi-Fi kwenye simu za Android zinaonyesha nani yuko wapi. Iache isibadilike yenyewe. Stima ikipotea mtaa mzima na kurudi, ruta zote zilizowekwa kujichagulia chaneli zinawaka kwa pamoja na kujipanga upya, na mpangilio uliokuwa mzuri jana unaweza kuvurugika. Mtu anayesema "tangu stima irudi hedifoni zimekuwa mbovu" mara nyingi anasema kweli.

Wanaotumia hotspoti ya simu wana njia iliyo bora kuliko zote: kebo. Unganisha simu na laptopu kwa kebo ya kuchaji inayopitisha data, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti ya Android washa "USB tethering". Zima Wi-Fi ya laptopu kabisa. Bando ni lile lile, simu inachaji, na hewa yote ya 2.4 GHz inabaki kwa maus na hedifoni. Kama huna kebo nzuri, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti na uchague bendi ya 5 GHz ikiwa simu inaruhusu. Usigawe intaneti kwa njia ya Bluetooth huku ukisikiliza kwa Bluetooth. Mzigo wote unaangukia redio moja.

Jambo la ziada: tanuri la mikrowevu linafanya kazi karibu na 2450 MHz. Likiwaka upande wa pili wa ukuta, sauti inaweza kukatika kwa dakika zile mbili za kupasha chakula. Hilo halihitaji dawa, linahitaji kujulikana tu.

Sauti inapokuwa kama ya simu: suala la maiki

Hapa hakuna kebo itakayokusaidia. Kinachotakiwa ni kuizuia programu isiiguse maiki ya hedifoni.

Kwanza jua ni nani ameifungua. Windows huonyesha alama ndogo ya maiki upande wa kulia wa upau wa chini maiki inapotumika; peleka kishale juu yake usome jina la programu. Orodha kamili iko "Settings", kisha "Privacy & security", kisha "Microphone", ambapo kila programu imeandikiwa wakati ilipoitumia mara ya mwisho. Mara nyingi ni kichupo cha kivinjari kilichoachwa wazi baada ya mkutano, au programu ya gumzo ya michezo iliyojiwasha yenyewe. Ifunge, na sauti inarudi baada ya sekunde chache.

Ukiwa mkutanoni ambako maiki lazima itumike, fanya hivi. Kwenye Zoom, Meet au Teams ingia mipangilio ya sauti. Spika ichague hedifoni zako. Maiki ichague ile ya laptopu, mara nyingi imeandikwa "Microphone Array". Hedifoni zinabaki kwenye njia ya muziki, unasikia wenzako vizuri, na wao wanakusikia kupitia laptopu. Kama chumba kina kelele za boda na majirani, nunua maiki ndogo ya kubana shatini yenye waya, inayoingia kwenye tundu la milimita 3.5 au USB. Kwa mtu anayepokea simu za wateja siku nzima, maiki ya waya na hedifoni za kusikilizia tu ni bora kuliko hedifoni za bei ghali zinazolazimika kufanya yote mawili kwa Bluetooth. Hilo tunalisema bila kusita.

Kwenye Windows 10 hedifoni moja huonekana mara mbili kwenye orodha ya sauti: moja imeandikwa "Stereo", nyingine "Hands-Free". Ya muziki ni ile ya "Stereo". Watu wengi wanachagua ya pili kwa bahati mbaya na kuishi nayo miezi. Windows 11 imeziunganisha kuwa moja na inabadilisha yenyewe, kwa hiyo hapo ulinzi wako ni kuchagua maiki nyingine kabisa.

Kama hutaki maiki ya hedifoni itumike kamwe kwenye laptopu hiyo, izime moja kwa moja:

1. Nenda "Settings", "Bluetooth & devices", "Devices", kisha shuka hadi "More devices and printer settings".
2. Bofya kitufe cha kulia cha maus juu ya picha ya hedifoni na uchague "Properties".
3. Fungua kichupo cha "Services" na uondoe alama kwenye "Hands-free Telephony".
4. Bonyeza "Apply", zima hedifoni na uziwashe tena.

Tangu hapo hedifoni zitakuwa za kusikilizia tu kwenye laptopu hiyo. Kwenye simu maiki yake itaendelea kama kawaida. Ukizihitaji tena, rudisha alama ile.

Kuna kero nyingine inayochanganywa na hii: ukipigiwa simu ya mtandaoni, muziki au sauti ya video unayonukuu inashuka ghafla. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, fungua kichupo cha "Communications" na uchague "Do nothing". Kwa kawaida Windows huwa imewekwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 simu inapoanza.

Hali ya simu inagusa pia vipengele vingine. Sauti ya mzunguko ya Windows Sonic inaweza kujizima, na kirekebisha sauti cha programu ya hedifoni kinaweza kutofanya kazi, kwa sababu vimeundwa kwa ajili ya njia ya muziki. Kuzuia kelele za nje, kwa upande mwingine, kunafanyika ndani ya hedifoni zenyewe. Maus wala Wi-Fi haviwezi kuharibu uwezo huo. Kama hicho ndicho kimeacha kufanya kazi, tafuta tatizo kwenye hedifoni: vitundu vya maiki vya nje vimezibwa na vumbi au jasho, au programu yake ya ndani inahitaji kusasishwa kwa simu.

Maus na hedifoni zote zikiwa za Bluetooth

Maus nyingi mpya zina swichi chini yenye njia mbili: kipokezi cha USB au Bluetooth. Ukitumia hedifoni za Bluetooth kwa simu siku nzima, weka maus kwenye kipokezi. Sababu ni kwamba simu ya Bluetooth hutengewa nafasi za kudumu kwenye redio ya laptopu, kila nafasi ikiwa sehemu ya sekunde 0.000625, na kila kilichobaki, maus na kibodi, hugawana mabaki. Ndiyo maana maus ya Bluetooth inakuwa nzito mara tu simu inapoanza na kuchangamka simu inapokatwa. Kama unasikiliza muziki tu, redio ya kisasa inabeba yote bila shida.

Ukinunua kidude cha Bluetooth cha USB kwa sababu ya ndani ni dhaifu, zima ile ya ndani kwanza. Windows inaendesha redio moja tu ya Bluetooth. Mbili zikiwaka zinagombania vifaa, na unapata hedifoni zinazoonekana zimeunganishwa lakini hazitoi sauti. Fungua "Device Manager", panua "Bluetooth", bofya kulia jina la redio ya ndani, chagua "Disable device". Kisha futa hedifoni na maus kwenye orodha ya vifaa na uviunganishe upya, kwa maana ruhusa za awali zilikuwa za redio ile nyingine. Kidude hicho nacho kiweke kwenye kebo ya kurefusha.

Hapo hapo kwenye "Device Manager", fungua "Properties" za redio unayotumia. Ukikuta kichupo cha "Power Management", ondoa alama kwenye mstari unaoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Fanya hivyo pia kwa kadi ya Wi-Fi na kwa kila "USB Root Hub". Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuitambua kwetu: kila kitu ni shwari kwenye chaja, stima ikipotea na laptopu ikahamia betri, maus inalala kila ukiiacha dakika moja na hedifoni zinaanza kukwaruza.

Draiva, yaani programu zinazowezesha Windows kuendesha vifaa, zichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa namba kamili ya modeli. Laptopu iliyowekewa Windows upya dukani mara nyingi inatumia draiva ya jumla ambayo inafanya Bluetooth iwake tu, bila kuipatanisha na Wi-Fi iliyo kwenye kadi hiyo hiyo.

Umbali usiofika mita moja: angalia antena

Ikiwa hedifoni ni safi zikiwa juu ya kibodi na zinakatika ukirudi nyuma ya kiti, na Wi-Fi nayo ina mistari michache karibu na ruta, shuku antena. Hili hutokea sana kwenye laptopu zilizotumika, kwa sababu zimefunguliwa mara kadhaa kusafishwa au kuongezewa RAM.

Wi-Fi na Bluetooth zimo kwenye kadi moja ndogo, na antena ziko kwenye fremu ya skrini au pembeni mwa mwili wa mashine. Kutoka huko zinakuja nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida moja nyeusi na nyingine ya kijivu au nyeupe, kila moja ikiishia kwa kifungo cha dhahabu chenye upana wa milimita mbili hivi. Waya mmoja ukichomoka, mashine inaendelea kufanya kazi kwa unyonge, na mwenye mashine anadhani ndivyo ilivyo.

Ukijua kufungua laptopu: zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na utenganishe betri kabla ya kugusa chochote. Angalia vifungo viwili juu ya kadi. Kilicholegea kiweke juu ya pini yake kikiwa wima kabisa, kisha kibonyeze kwa kucha au kijiti cha plastiki mpaka usikie mlio mdogo. Usikisukume kwa pembeni wala kwa bisibisi ya chuma. Duara lake likipinda halishiki tena, na hapo itabidi kubadilisha waya wote hadi kwenye skrini. Kama hujawahi kufungua laptopu, ipeleke kwa fundi na umwambie neno moja: aangalie nyaya za antena ya Wi-Fi. Ni kazi ya dakika kumi, na inafaa ufanyiwe mbele ya macho yako.

Ukilazimika kununua

Nenda dukani na laptopu yako, kipokezi chako cha maus na diski yako. Unganisha hedifoni kabla ya kulipa, cheza wimbo ulio ndani ya mashine, nakili faili kubwa kwenye diski, na sogeza maus kwa wakati huo huo. Kisha fungua kinasa sauti cha Windows ukichagua maiki ya hedifoni, ujirekodi sentensi tatu na uzisikilize. Duka lenye simu na ruta nyingi zinazowaka ni mahali pagumu kuliko chumba chako, kwa hiyo kinachofaulu pale kitafaulu nyumbani.

Kama unataka maiki na ubora wa muziki kwa pamoja bila waya, tafuta hedifoni zenye LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, lakini laptopu nayo lazima iwe na Windows 11 na redio inayoikubali. Kwenye laptopu inayoweza, utaona "Use LE Audio when available" ndani ya mipangilio ya vifaa vya Bluetooth. Usipoiona, hedifoni hizo zitafanya kazi kama zile za zamani, na pesa ya ziada utakuwa umeitoa bure. Kwa laptopu za miaka ya 2016 hadi 2018 ambazo wengi wetu tunatumia, kebo ya mita moja ya USB 2 na maiki ya waya vitakupa zaidi kwa bei ndogo kuliko hiyo.